Snuka: Mchezo Uliotangaziwa Msiba Kabla ya Wakati

Mjomba wangu ana meza mbili za pool katika kituo cha biashara karibu na kwetu, magharibi mwa Uganda. Vijana hutumbukiza sarafu, mipira ikateremka, fimbo zikapakwa chaki, na kelele haziishi mpaka usiku. Likizo iliyopita nilikuwa nimekaa pembeni nikitazama snuka kwenye simu. Mjomba akaja akasimama nyuma yangu. Alitazama kwa dakika chache, akauliza kwa nini wale watu wamevaa vizibao kama wahudumu wa hoteli, na kwa nini ukumbi mzima umekaa kimya kana kwamba kuna ibada. Kisha akatoa hukumu: "Huo ni mchezo wa wazee, mpwa wangu. Wakiondoka wao, nao umekwisha."

Nilimjibu kwa haraka yale ambayo mashabiki wote wa snuka husema: bingwa hulipwa pauni nusu milioni, na Wachina wanautazama kwa mamilioni. Mjomba akacheka, akarudi kwa wateja wake. Baadaye nilitambua kwamba jibu langu halikuwa na nguvu, kwa sababu halikugusa swali lenyewe. Mchezo unakufaje? Je, upo mchezo wa aina hii uliowahi kufa kweli, ili tuweze kulinganisha? Upo, tena ulichezwa juu ya meza ileile.

Nianze na asili, nisikae sana hapo. Inakubalika kwamba snuka ilianzishwa mwaka 1875 na maofisa wa jeshi la Waingereza waliokuwa Jabalpur, India. Anayetajwa zaidi ni Neville Chamberlain, luteni kijana wakati huo, ambaye si yule waziri mkuu aliyekuja kuwa na jina kama lake. Walichukua meza ya biliadi, wakachanganya mipira ya michezo mingine ya kamari, wakaongeza rangi. Msomaji alikumbuke jambo hili: mchezo tunaouita wa Kiingereza ulizaliwa Asia.

Wakati huo mfalme wa meza alikuwa biliadi. Biliadi huchezwa kwa mipira mitatu tu, na mchezaji hupata pointi kwa kutumbukiza au kwa kuugonga mpira mmoja na kisha mwingine. Mabingwa wake walifikia ustadi wa kutisha, na ustadi huo ndio uliouua. Mwaka 1932 katika ukumbi wa Thurston's, London, Mwaustralia Walter Lindrum alipata pointi 4,137 katika zamu moja. Kwa karibu saa tatu aliisukuma mipira taratibu, ikigusana kidogo kidogo kando ya ukingo wa meza. Mpinzani wake alikuwa ameketi kwenye kiti, fimbo mkononi, akingoja. Sheria zilibadilishwa ili kuwazuia mabingwa wasifanye hivyo, lakini watazamaji walikuwa wameanza kuchoka. Hali ilifika mahali ambapo Clark McConachy wa New Zealand alishika taji la dunia la biliadi la wachezaji wa kulipwa kuanzia 1951 hadi 1968 bila mtu kumpinga rasmi. Miaka kumi na saba! Bingwa alikuwepo, taji lilikuwepo, mashindano hayakuwepo. Nadhani huko ndiko kufa kwa mchezo. Biliadi inachezwa hata leo na ina mabingwa wake, lakini haikurudi tena kwenye kiti chake.

Na yule mtu aliyekuwa ameketi akingoja mwaka 1932 ni nani? Ni Joe Davis, ambaye miaka mitano kabla ya hapo alikuwa amesaidia kuanzisha mashindano ya dunia ya snuka. Aliyashinda ya kwanza, ya mwaka 1927, kwa zawadi ya pauni sita na shilingi kumi, kisha akayashinda yote mpaka 1946, mara 15 kwa jumla. Akastaafu mashindano hayo bila kushindwa hata mara moja.

Hapo ndipo wanaosema snuka inakufa wangepata ushahidi wao bora kama wangesoma historia. Davis aliacha mashindano ya dunia lakini hakuacha kucheza, na kwa kuwa kila mtu alijua yeye ndiye bora, taji walilogombea wengine lilionekana kama sahani ya makombo. Mwaka 1952 wachezaji waligombana na chama kilichosimamia mchezo, wakaanzisha mashindano yao. Yale rasmi yakabaki na watu wawili tu: Horace Lindrum, mpwa wa yule Walter, na McConachy tuliyemtaja. Lindrum alishinda fremu 94 kwa 49. Mashindano ya wachezaji wenyewe nayo yakaanza kudhoofika, na mwaka 1957 walijitokeza wanne tu, huko Jersey. John Pulman akashinda. Baada ya hapo, kimya. Hapakuwa na mashindano ya dunia mpaka 1964, pale Rex Williams aliposaidia kuleta mapatano na Pulman akaanza kutetea taji lake dhidi ya mpinzani mmoja mmoja.

Kwa hiyo karibu mwaka 1960 kulikuwa na wagonjwa wawili kwenye meza moja, biliadi na snuka, na daktari yeyote angesema wote hawaponi. Mmoja aliinuka. Kwa nini?

Jibu langu ni rangi. BBC2 ilianza kurusha matangazo ya rangi mwaka 1967, ikawa inahitaji vipindi vya gharama ndogo vinavyoonyesha uzuri wa rangi. Snuka ina mipira 15 myekundu, na mingine ya njano, kijani, kahawia, bluu, waridi na nyeusi, kila mmoja na thamani yake. Kwenye televisheni ya zamani yote hiyo ilikuwa vivuli vya kijivu, na mtazamaji hangeweza kutofautisha kahawia na kijani. Kwenye televisheni ya rangi, meza nzima ilienea ndani ya kioo, na kamera haikuhitaji kukimbizana na mtu uwanjani. Kipindi cha Pot Black kilianza Julai 1969, fremu moja tu kwa kila mechi. Aliyekuwa akiiongoza BBC2 wazo hilo lilipokubaliwa ni David Attenborough, yuleyule tunayemjua kwa filamu za wanyama. Biliadi na mipira yake mitatu haikuwa na la kuonyesha.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu linawakera pande zote mbili. Wanaotangaza msiba wanadhani mchezo hufa pale watu wa zamani wanapouacha. Mashabiki nao wanadhani mchezo huishi kwa sababu ni mzuri. Lakini snuka ya mwaka 1969 haikuwa nzuri kuliko ya 1957. Sheria zilikuwa zilezile na wachezaji wengi walikuwa walewale. Kilichobadilika kilitoka nje kabisa ya mchezo, kwa wahandisi wa televisheni ambao huenda hawakuwahi kushika fimbo.

Kufufuka hakukuwa kwa siku moja. Alex Higgins aliposhinda taji la dunia mwaka 1972, akiwa na miaka 22, fainali ilichezwa katika klabu ya askari wastaafu mjini Birmingham. Umeme ulikuwa ukikatika kwa sababu ya mgomo wa wachimba makaa ya mawe, na zawadi ilikuwa pauni 480. Mwaka 1977 mashindano yakahamia Crucible, ukumbi wa maigizo mjini Sheffield wenye viti visivyofika elfu moja, na mwaka uliofuata BBC ikaanza kuyaonyesha kila siku. (Nilifurahi kugundua kwamba fainali ya mwaka huo wa 1978 ilimkuta Perrie Mans wa Afrika Kusini, aliyeshindwa na Ray Reardon. Bara letu limewahi kufika pale.)

Kisha 1985. Kila shabiki anaijua fainali hiyo hata kama, kama mimi, hakuwa amezaliwa. Steve Davis aliongoza 8–0. Dennis Taylor, mwenye miwani mikubwa kama madirisha, akamfuata polepole mpaka 17–17, na fremu ya mwisho ikabaki kwenye mpira wa mwisho, mweusi. Wote wawili waliukosa. Taylor alipoutumbukiza ilikuwa imeshapita saa sita usiku, na ndiyo mara ya kwanza katika mechi nzima kuwa mbele. Waingereza milioni 18.5 walikuwa macho wakitazama, karibu theluthi moja ya nchi.

Tarakimu hiyo ni fahari ya mashabiki, na kwa maoni yangu ndiyo kamba iliyowafunga. Kila ripoti ya watazamaji inayotoka hupimwa kwa usiku ule, na kila mara snuka huonekana imekonda. Lakini mwaka 1985 Uingereza ilikuwa na chaneli nne tu za televisheni. Hapakuwa na intaneti wala simu ya kutazamia kitandani. Ni kama kumlaumu muuza maji kwa kupoteza wateja wa zamani wakati mabomba yameshaingia kila nyumba. Mashabiki wangejisaidia wakiacha kuitaja milioni 18.5 kama kipimo, wakaiacha iwe kumbukumbu nzuri tu.

Msiba wa pili ulikuwa wa fedha. Snuka ililishwa na sigara kwa miaka mingi. Kuanzia 1976 mashindano ya dunia yalibeba jina la Embassy. Sheria ya kupiga marufuku matangazo ya tumbaku ilipitishwa mwaka 2002, na snuka ikapewa muda mpaka 2005. Baada ya hapo kampuni za kamari zikachukua nafasi, jambo ambalo mimi binafsi silioni kuwa la kujivunia. Msimu wa 2009/10 ulikuwa na mashindano sita tu ya kuhesabiwa katika orodha ya ubora. Mchezaji wa kulipwa aliweza kukaa wiki nyingi bila kazi. Desemba 2009 Barry Hearn alichukua uongozi wa chama, na mwaka 2010 wachezaji wakapiga kura kumkabidhi biashara ya mchezo. Mashindano yakaongezeka zaidi ya maradufu, na kufikia 2019 bingwa wa dunia alilipwa zile pauni 500,000 nilizomtajia mjomba.

Lakini mlango mkubwa zaidi ulikuwa umeshafunguliwa Beijing. Aprili 2005, Ding Junhui, aliyekuwa ametimiza miaka 18 siku chache tu kabla, alimshinda Stephen Hendry, bingwa wa dunia mara saba, 9–5 katika fainali ya China Open. Mwisho wa mwaka huo akamshinda Steve Davis katika fainali nyingine, huko York. Watoto wa China wakashika fimbo, na baadhi wakahamia Sheffield kufanya mazoezi, mji wa viwanda vya chuma ukawa na mitaa ambamo unakutana na vijana wa Kichina wenye mikoba mirefu ya fimbo.

Safari hiyo haikuwa safi. Mwaka 2023 wachezaji kumi wa China waliadhibiwa katika kesi ya kupanga matokeo, wawili wakafungiwa maisha. Waliozoea kutangaza msiba walitangaza tena. Mmoja wa walioadhibiwa, Zhao Xintong, alifungiwa miezi 20 kwa kuhusika na mechi za mwenzake na kwa kuweka kamari. Alirudi bila hadhi ya mchezaji wa kulipwa, akaanzia raundi za mchujo, na Mei 2025 akawa bingwa wa dunia wa kwanza kutoka Asia. Katika nusu fainali alimshinda Ronnie O'Sullivan 17–7, na katika fainali Mark Williams 18–12.

Hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu fainali hiyo inawapa hoja hata wapinzani wetu. Williams alikuwa na miaka 50. Yeye, O'Sullivan na John Higgins waliingia snuka ya kulipwa mwaka mmoja, 1992, na zaidi ya miaka thelathini baadaye vijana wa Uingereza bado hawajawaondoa. Sababu inaonekana mitaani. Kumbi za snuka za miji ya Uingereza, ambamo mtoto wa fundi au wa dereva alijifunza kwa kumtazama baba yake, zimefungwa kwa wingi. Marufuku ya kuvuta sigara ndani ya majengo, iliyoanza England Julai 2007, iliondoa baadhi ya wateja, lakini nadhani adui mkubwa ni pango. Meza ya snuka ina urefu wa mita 3.6 na upana wa 1.8, na inahitaji nafasi ya kuzungusha fimbo pande zote. Watu wawili huikalia saa nzima. Mwenye jengo akifanya hesabu, anaona faida kubwa zaidi mahali pengine.

Kumwambia mtu aliyepoteza ukumbi wa mtaa wake kwamba mchezo unastawi China ni kumjibu swali ambalo hakuuliza. Yeye analilia mahali, sisi tunamjibu kwa tarakimu. Mchezo wa televisheni na wa mabingwa hauonekani kufa. Ule wa mtaani katika nchi iliyoulea unapungua kweli, na mashabiki hawapotezi kitu wakilikubali hilo.

Niliporudi kwa mjomba nilimsimulia habari ya Lindrum na Joe Davis kwenye kiti chake, ikampendeza sana kuliko zile pauni. Akauliza meza yenyewe ina ukubwa gani. Nilipomwambia, alisimama akapima chumba kwa hatua, toka mlangoni mpaka ukutani, akahesabu mara mbili. Ingeingia, akasema, lakini ingebidi atoe meza zake zote mbili, na hiyo moja ingechezwa na watu wawili saa nzima. Akarudi kukusanya sarafu.