Hati za Dhamana za Mirathi

Atafutaye ukoo wake katika nchi ya Uingereza hufurahi sana akiupata wasia wa babu yake. Lakini wengi walifariki pasipo kuandika wasia. Majina yao hayakupotea: yalibaki katika hati za dhamana za mirathi.

Kule, hadi mwaka 1858, mambo ya mirathi yalikuwa mikononi mwa mabaraza ya Kanisa, hata baada ya nchi ile kutengana na Roma. Mtu akifa bila wasia, mjane wake au ndugu wa karibu alifika barazani kuomba ruhusa ya kusimamia mali. Hakupewa hivi hivi. Sheria ya mwaka 1670 ilimtaka atie sahihi pamoja na wadhamini wawili au zaidi, aahidi kuandika vitu vyote vya marehemu, kutoa hesabu ya kweli, na kugawa kilichobaki baada ya madeni: kwa kawaida theluthi moja kwa mjane, theluthi mbili kwa watoto. Akivunja ahadi, yeye na wadhamini wangedaiwa fedha iliyotajwa katika hati. Sisi tuliokwisha kuona mjane akinyang’anywa hata masufuria kabla ya matanga kwisha, tunaielewa sheria hiyo pasipo mwalimu.

Kabla ya mwaka 1733 sehemu ya juu ya hati iliandikwa kwa Kilatini. Waliopita seminari ndogo wataisoma bila taabu kubwa. Humo mna jina la msimamizi, kijiji chake, kazi yake, na mara nyingi ujamaa wake na marehemu. Binti aliyeolewa huweza kuonekana pamoja na mumewe, ndipo jina lake jipya hujulikana. Wadhamini nao mara nyingi ni shemeji au majirani. Asiyejua kuandika alitia alama kwa mkono wake mwenyewe, nami naithamini alama hiyo kuliko mwandiko mzuri wa karani.

Lakini mtu asikimbilie kusema babu yake alikuwa tajiri, maana fedha ya dhamana kwa desturi ilikuwa maradufu ya mali iliyokadiriwa. Tena msimamizi si ndugu sikuzote. Pengine ni mtu aliyemdai marehemu.

Zipo pia hati za ulezi wa yatima, zinazowataja watoto kwa majina. Za Wales zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa, mjini Aberystwyth. Nyingi za Uingereza zimo katika nyumba za kumbukumbu za majimbo.