Rekodi ya mbunge (Kenya)

Rekodi ya mbunge ni kumbukumbu ya mahudhurio, michango na kura za mwakilishi bungeni. Nchini Kenya msingi wake ni Katiba ya 2010. Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge liendeshe shughuli zake hadharani. Cha 103 kinamvua kiti mbunge anayekosa vikao 8 katika kipindi kimoja cha Bunge bila ruhusa ya maandishi ya Spika wala maelezo ya kuridhisha. Mahudhurio pekee, hata hivyo, ni kipimo hafifu: mbunge anaweza kusajiliwa ukumbini asitamke neno.

Pengo kubwa zaidi katika rekodi hiyo ni kura ya sauti. Wabunge huitikia kwa pamoja, Spika akaamua upande ulioshinda, na Hansard, kumbukumbu rasmi ya mijadala ya Bunge, haibaki na jina la yeyote. Majina huandikwa katika kura ya mgawanyo tu, ambapo kura ya kila mbunge huhesabiwa. Ndivyo Wakenya walivyowajua waliounga mkono Mswada wa Fedha wa 2024, uliopitishwa Juni 25 kwa kura 195 dhidi ya 106 huku waandamanaji walioupinga wakivamia Bunge. Siku iliyofuata Rais William Ruto alikataa kuutia saini.