Utingo, Usukani na Kizuizi cha Barabarani

Utingo ni msaidizi wa dereva wa lori. Ndiye anayepanda juu ya mzigo kufunga turubai, anayeruka chini na gogo la kuzuia tairi gari linapokwama mlimani, na anayelala chini ya tela usiku ili mafuta na matairi yasiibwe. Wengine humwita tandiboi. Kwa sehemu kubwa ya historia ya malori nchini Tanzania, kazi hii ndiyo iliyokuwa chuo cha udereva. Ilikuwa nadra mtu kukabidhiwa usukani wa gari zito kabla hajakaa miaka kadhaa kwenye kiti cha kushoto, akitazama mikono na miguu ya mwingine.

Barabara inayoionyesha historia hiyo vizuri kuliko nyingine ni ile itokayo Dar es Salaam, ikapita Morogoro, Mikumi, Iringa, Makambako na Mbeya hadi Tunduma, mpakani mwa Zambia, mwendo wa zaidi ya kilomita 900. Kilichoifanya iwe barabara ya malori kilitokea nje ya Tanzania. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia, chini ya Ian Smith, ilijitangazia uhuru. Zambia, iliyokuwa imetimiza mwaka mmoja tu tangu ipate uhuru wake, ilikuwa ikipata mafuta na kusafirisha shaba kwa reli iliyopita humo humo Rhodesia. Uingereza ilipoiwekea Rhodesia vikwazo vya mafuta mwezi uliofuata, Zambia nayo ikakatiwa. Mafuta ikabidi yatoke bandari ya Dar es Salaam. Mengine yalibebwa kwa ndege, mengi yakapakiwa kwenye malori ndani ya mapipa, na malori hayo yakarudi na shaba.

Barabara yenyewe haikuwa tayari. Ilikuwa ya udongo kwa sehemu kubwa: kiangazi vumbi lilimficha dereva asione gari la mbele, na masika magari yalizama hadi kwenye ekseli, yakakaa siku kadhaa yakisubiri kuvutwa. Waandishi wa Kiingereza waliiita safari hiyo mbio za kuzimu, na kwa wingi wa malori yaliyopinduka na watu waliofia njiani, jina hilo halikuwa la kutia chumvi. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia zilianzisha kampuni ya pamoja ya kusafirisha mizigo kwa barabara, ikishirikiana na Waitaliano, na malori ya Fiat yakawa sura ya kawaida kwenye njia hiyo. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilikamilika mwaka 1968. Lami ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ikakamilika mwaka 1975. Ilidhaniwa kwamba bomba na reli vingeyapunguzia malori kazi. Kazi ya mafuta ilipungua kweli, lakini barabara ya lami nayo ilizaa safari zake, na malori hayakuondoka tena.

Miaka ile ya mapipa ndiyo iliyoleta haja kubwa ya madereva, na haja hiyo ilitangulia shule. Aliyejua alimfundisha asiyejua, na malipo ya kufundishwa yalikuwa utumishi: kuosha gari, kupiga jeki, kubadilisha tairi juani, kupika njiani. Utingo alianza kwa kujifunza mzigo. Alijua mapema kwamba mapipa yasiyobanwa hutembea, na kwamba mzigo uliokaa upande mmoja utaliangusha gari kwenye kona hata dereva awe hodari namna gani. Baada ya hapo alijifunza injini kwa masikio. Magari mengi ya zama hizo yalikuwa na gia ambazo hazikuingia kwa kukanyaga klachi mara moja. Dereva alikanyaga, akatoa gia, akaachia, akalinganisha mwendo wa injini, ndipo akakanyaga tena na kuingiza gia nyingine. Aliyekosea alisikia meno ya gia yakisaga, na mlimani angeweza kubaki bila gia yoyote huku gari linarudi nyuma.

Mtihani mkubwa ulikuwa Kitonga, mlima wenye kona zilizobanana unaopandwa baada ya Ruaha Mbuyuni kuelekea Iringa. Kupanda kunachosha gari, lakini kushuka ndiko kunakoua. Kanuni iliyorithishwa kutoka dereva hadi dereva ni kwamba gia iliyopandia mlima ndiyo ya kushukia. Sababu yake ni ya kiufundi kabisa. Breki zikikanyagwa muda mrefu hupata moto, na zikishapata moto hupoteza nguvu ya kushika. Na kwenye gari la breki za upepo, kukanyaga na kuachia mara kwa mara humaliza upepo kwenye matangi haraka kuliko injini inavyoweza kuujaza. Gia ndogo huifanya injini yenyewe ilizuie gari, breki zikabaki kwa ajili ya dharura. Kinyume chake ni kutoa gia kabisa na kuliacha gari liserereke kwa uzito wake ili kuokoa mafuta. Tabia hiyo imeua watu wengi kwenye miteremko ya Kitonga na ya Mbeya, na dereva aliyelipwa kidogo kisha akaruhusiwa kuuza mafuta yaliyobaki alikuwa amewekewa mtego na mwajiri wake mwenyewe.

Kurudi nyuma na tela kulikuwa somo la mwisho. Usukani hukatwa upande mwingine na ule tela linakotakiwa kwenda, na tela lenye ekseli ya mbele inayogeuka huongeza kiungo cha pili, kwa hiyo kosa dogo hukua kabla halijaonekana kwenye kioo. Hili lilifundishwa kwenye yadi, jioni, mwenye gari akiwa ameondoka.

Hapo ndipo polisi anapoingia katika hadithi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, kama ile ya kikoloni iliyoitangulia, ilimtaka anayejifunza awe na leseni ya kujifunzia, inayoitwa lena mitaani. Utingo aliyepewa usukani usiku kwenye tambarare, au deiwaka, yaani kibarua wa siku, aliyeshika gari ili dereva mwenye leseni asinzie kidogo, alikuwa mkosaji tangu dakika ya kwanza. Kazi nzima, kwa hiyo, ilijifunzwa kwa njia ambayo sheria haikuitambua. Madereva wengi walikutana na trafiki kwa mara ya kwanza kabla hawajawa madereva, na walichojifunza siku hiyo kilikuwa namna ya kuyamaliza yaishe. Noti iliyokunjwa ndani ya leseni, ikaitwa chai, ilikuwa sehemu ya mafunzo kama ilivyokuwa klachi.

Kizuizi cha barabarani nacho kina asili yake, na asili hiyo haikuwa usalama wa barabarani peke yake. Katika miaka ya 1970 mazao makuu ya chakula yalinunuliwa na mashirika ya umma, na mahindi hayakuruhusiwa kuvuka mikoa bila kibali. Mageti yaliwekwa ili kukagua magunia. Wakati wa vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, malori ya watu binafsi na ya mashirika yalichukuliwa kubeba askari na zana. Mwaka 1983, katika operesheni ya kupambana na walanguzi na wahujumu uchumi iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, magari yalisimamishwa na kupekuliwa nchi nzima: sukari, sabuni, khanga na matairi vilitafutwa chini ya turubai. Dereva, ambaye mara nyingi hakuwa mwenye mali, ndiye aliyesimama mbele ya askari na kujibu. Vibali vya mazao vilianza kulegezwa katikati ya muongo huo, lakini mazoea ya kulisimamisha lori kwa sababu tu ni lori yalibaki. Hili ni jambo la kuzingatia, kwa kuwa mjadala wa rushwa ya barabarani mara nyingi huanza na tabia ya askari mmojammoja na kusahau kwamba geti lilitangulia.

Biashara huria ilipofunguliwa, malori ya watu binafsi yaliongezeka, mengi yakiwa yamekwisha kutumika Ulaya. Tume ya Rais dhidi ya Rushwa iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba, katika ripoti yake ya mwaka 1996, ilieleza wazi jinsi rushwa ilivyokuwa imeenea katika Jeshi la Polisi, askari wa usalama barabarani wakiwamo. Kila dereva aliijua habari hiyo tangu zamani. Jipya lilikuwa kuiona katika waraka wa Serikali.

Mkaguzi mwingine alikuwa mizani. Mzigo uliozidi hupasua lami, na madhara yake hukua kwa kasi zaidi kuliko uzito wenyewe, ndiyo maana sheria hupima kila ekseli na si gari zima tu. Katika Afrika Mashariki ekseli ya usukani inaruhusiwa tani 8, ekseli mbili zilizofuatana zenye matairi pacha tani 18, na tatu tani 24. Gari lenye ekseli saba au zaidi halipaswi kuvuka tani 56. Gari lisilozidi uzito wa jumla linaweza bado kukamatwa kwa sababu mzigo umeegemea ekseli moja, na mara nyingi ni utingo anayepanda kuusogeza. Kwa miaka mingi Tanzania ilisamehe ziada ya asilimia 5. Oktoba 2013 Wizara ya Ujenzi, chini ya Waziri John Magufuli, iliuondoa msamaha huo. Wenye malori waligoma, foleni zikajaa karibu na mizani, na Serikali ikalazimika kuurudisha kwa muda. Sheria ya pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu uzito wa magari ilianza kutumika nchini mwaka 2019.

Trafiki mwenyewe alipata chombo kipya: kifaa cha kupima mwendo, ambacho madereva wanakiita tochi. Sheria inaruhusu kilomita 50 kwa saa penye makazi, na kilomita 80 kwa magari yenye uzito wa zaidi ya kilo 3,500. Kwenye barabara inayopita vijiji vingi kama hii, dereva hubadilishiwa kikomo mara kadhaa ndani ya saa moja. Madereva walijibu kwa mbinu ya zamani ya kuwashiana taa, anayetoka mbele akimwonya anayekuja. Faini ya shilingi 30,000 kwa kosa moja, ikijirudia mara mbili au tatu kwenye safari moja, iliweza kumaliza posho yote ya njiani.

Upande wa shule, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilichopo Mabibo, Dar es Salaam, kilipata sheria yake mwaka 1982, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ilianzishwa mwaka 1994. Leseni mpya zilizotolewa kuanzia mwaka 2010 zilitenganisha madaraja kwa ukali zaidi. Malori mazito yakawekwa daraja E, na mwombaji akatakiwa awe ameendesha gari dogo kwanza na kuwa na cheti cha mafunzo. Kwa mara ya kwanza miaka ya kiti cha kushoto haikutosha peke yake.

Mambo hayo yote yaligongana mwaka 2015. Serikali ilikuwa imetaka madereva wa magari ya biashara warudi darasani kila wanapohuisha leseni, wakati huo kila baada ya miaka mitatu. Ijumaa ya tarehe 10 Aprili madereva wa mabasi na malori waligoma. Katika kituo cha mabasi cha Ubungo, Dar es Salaam, abiria walikwama tangu alfajiri, na polisi wakatumia mabomu ya machozi. Madai yalikuwa zaidi ya darasa: walitaka mikataba ya ajira ya maandishi, na walilalamikia tochi na faini. Serikali ililiondoa sharti la darasa siku hiyo hiyo. Mapema Mei waligoma tena, kwa sababu mikataba haikuwa imeonekana, na kamati ikaundwa chini ya ofisi ya Waziri Mkuu.

Waliosema madereva wanakataa elimu hawakuwatendea haki. Mtu aliyeshusha tani 30 Kitonga kwa miaka 20 hakukataa kujifunza. Alikataa kujilipia ada na kupoteza siku za kazi huku hana mkataba unaomhakikishia kwamba atalikuta gari lake akirudi. Dereva asiye na mkataba hulipwa kwa safari. Anayelipwa kwa safari hukimbia, halali, na huona heri kutoa chai kuliko kupoteza nusu siku kituoni akiandikiwa kosa. Mwenendo wake, na mwenendo wa askari anayemsimamisha, umejengwa juu ya malipo hayo.

Tangu wakati huo taratibu kadhaa zimebadilika. Faini nyingi hulipwa kwa njia za kielektroniki, si mkononi. Mizani ya Vigwaza, mkoani Pwani, hupima malori yakiwa yanatembea, na lile tu lenye dalili ya kuzidi huelekezwa pembeni. Oktoba 2019 Tanzania na Zambia zilifungua rasmi kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, ili lori likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Muda wa leseni umeongezwa kutoka miaka mitatu hadi mitano. Dai la mikataba ya maandishi, lililowatoa madereva barabarani mwaka 2015, ndilo lililochelewa kuliko yote.