Asili ya Meza ya Kushukuru

Wamarekani waandaapo karamu ya Sikukuu ya Kushukuru hawasumbuki kubuni vyakula: bata mzinga wa kuoka (ambaye, licha ya jina, si bata wala mzinga), viazi, na pai ya maboga. Wengi hudhani ndivyo walivyokula wahamiaji wa Plymouth mwaka 1621. La, hasha! Barua ya Edward Winslow, aliyekuwapo, yataja ndege waliowindwa, na kulungu watano walioletwa na Massasoit na Wawampanoag wenzake wapatao 90, waliokirimiwa siku tatu. Bata mzinga hakumtaja kwa jina. Pai haimo kabisa.

Aliyeipanga meza ya leo hasa ni Sarah Josepha Hale. Katika riwaya yake Northwood, ya mwaka 1827, aliisimulia karamu ya namna hiyo. Baadaye, akiwa mhariri wa jarida la wanawake, alieneza mapishi yake na kuwaandikia marais, hata Lincoln akaitangaza sikukuu mwaka 1863, katikati ya vita. Mama wa nyumbani alipata nafuu. Wenyeji walioleta kulungu walisahauliwa. Tangu 1970 wazao wao hukusanyika Plymouth siku iyo hiyo, kuomboleza.