Maji Yakishapwa: Mafuriko na Biashara za Mocímboa da Praia

Mwanafunzi wa Kiswahili huambiwa mapema kwamba lugha hii ni lugha ya pwani, kisha huonyeshwa ramani inayokomea mto Ruvuma. Ramani hiyo ni fupi. Kusini mwa Ruvuma, katika jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, wanaishi Wamwani, ambao lugha yao, Kimwani, ina udugu wa karibu na Kiswahili. Mojawapo ya miji yao ni Mocímboa da Praia, mji wa bandari na wavuvi. Leo tuutazame mji huo kwa swali moja la historia: kwa nini biashara fulani hufufuka baada ya mafuriko, na nyingine hufa hata baada ya maji kupwa?

Tuanze na bahari yenyewe. Katika pwani hii maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa mno na kupwa mno, tofauti yaweza kufika mita 4 hivi. Kwa karne nyingi wafanyabiashara wameishi kwa hesabu hiyo: jahazi huingia maji yakijaa, hukaa juu ya mchanga yakipwa, na shehena hushushwa kwa mabega ya wachukuzi. Ndiyo sababu maduka, maghala na soko la samaki husogea karibu na ufuo. Lakini ukaribu uletao faida ndio uletao hasara. Kimbunga kikivuma, upepo huyasukuma maji ya bahari kuelekea nchi kavu, na mvua huijaza mito inayotoka bara. Mji wa bandari hujikuta kati ya maji ya aina mbili.

Historia ya pwani yetu inatupa mfano mkubwa wa yale yafuatayo baadaye. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Meli za Sultani Barghash na majahazi mengi yaliangamia, na sehemu kubwa ya mikarafuu iking'olewa. Kisiwa cha Pemba kilinusurika kwa kiasi kikubwa. Mkarafuu huhitaji miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Mwenye shamba aliyeishi kwa kukopa hakuwa na miaka hiyo. Unguja ilipokuwa ikingoja miche ikue, Pemba ilishika uongozi wa zao la karafuu, na haikuuachia tena. Kimbunga kilipita kwa muda mfupi, lakini biashara ilihama kwa vizazi.

Cabo Delgado nayo imeona biashara ikihama. Kisiwa cha Ibo kilikuwa makao makuu ya eneo hilo hadi yalipohamishiwa Porto Amélia, mji ambao leo unaitwa Pemba. (Msomaji asiichanganye Pemba hii ya Msumbiji na kisiwa cha Zanzibar.) Ibo haikuzama. Maji yake hayakuwa na kina cha kutosha kwa meli kubwa, na wafanyabiashara wakaifuata njia iliyo bora. Biashara hukaa pale penye njia.

Tuje sasa kwenye kisa chetu. Tarehe 25 Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kiliingia nchi kavu kati ya mji wa Pemba na Mocímboa da Praia, wiki sita tu baada ya Kimbunga Idai kuivunja Beira. Hakuna kimbunga chenye nguvu kama hiyo kilichokuwa kimeandikwa katika kumbukumbu za pwani hiyo ya kaskazini. Zaidi ya watu 40 walikufa nchini Msumbiji. Ibo, Quissanga na Macomia ziliumia sana. Wavuvi walipoteza mashua na nyavu, na mvua iliendelea kunyesha kwa siku kadhaa.

Kabla mwaka haujaisha, msimu mpya wa mvua ulileta pigo jingine. Mwishoni mwa Desemba 2019 daraja la mto Montepuez, katika barabara ya N380, lilibomoka. Barabara hiyo ndiyo inayoiunganisha Mocímboa da Praia na kusini kupitia Macomia. Daraja lipo mbali na bandari, lakini likivunjika, soko la bandari hutikisika: malori hayafiki, bei ya unga na mafuta hupanda, na samaki hukosa mnunuzi.

Hapa tukumbuke neno moja la biashara: mali kauli. Ni bidhaa ambazo muuza duka huchukua kwa ahadi, akalipa baada ya kuuza. Mfumo huu umesimama juu ya uaminifu, nao umewawezesha watu wasio na mtaji kufungua maduka. Lakini mafuriko yakilowesha magunia, bidhaa hupotea na deni hubaki. Mwenye kudai naye ana anayemdai. Hivyo duka moja lililoingiwa na maji huweza kuangusha mengine ambayo hayakuguswa hata na tone.

Mji ambao njia zake zimekatika huhitaji muda wa utulivu. Mocímboa da Praia haikuupata. Vita vilivyoanza kwa shambulio la tarehe 5 Oktoba 2017 katika mji huohuo vilizidi kuwa vikali. Agosti 2020 waasi waliiteka bandari, na wakazi wakakimbia. Majeshi ya Msumbiji na Rwanda yaliurejesha mji mwezi Agosti 2021. Hatuwezi kusema kwamba mafuriko yalizaa vita. Twaweza kusema kwamba muuza samaki aliyekwisha kupoteza mashua na njia ya soko alikimbia akiwa hana akiba ya kuanzia upya.

Somo la uraia limo humo. Tunapopima madhara ya mafuriko, tumezoea kuhesabu nyumba zilizoanguka. Tuhesabu pia madaraja, mikoko inayopunguza nguvu ya mawimbi, maghala yaliyoinuliwa juu ya usawa wa bamvua, na mikopo ambayo muda wake waweza kusogezwa baada ya maafa. Hayo huamuliwa na serikali, na serikali huulizwa na raia. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali ya kutafakari

1. Kwa nini Unguja ilipitwa na Pemba baada ya mwaka 1872?
2. Eleza namna daraja la mbali linavyoathiri soko la bandari.
3. Katika mji wako, ni njia ipi ambayo ikikatika, biashara zitasimama? Nani ana wajibu wa kuitunza?