Vitufe vinavyokwaruza: Vumbi, mafuta na uhai wa kibodi Kitale na Bungoma

KIBODI ya kimakanika ikianza kukwaruza vidoleni, mkono wa mwenyewe huenda kwenye mafuta kwanza. Katika maduka ya huduma za kompyuta mjini Kitale na Bungoma, mafuta hayo aghalabu huwa yale yaliyo karibu: ya kupikia, ya cherehani, ya mgando ya kujipaka, au kile kipulizio cha kulegeza nati zilizoshika kutu. Kwa siku chache vitufe huteleza vizuri. Baada ya majuma kadhaa hurudia kukwaruza, safari hii vikiwa vizito na vyenye kunata, na hapo kibodi iliyogharimu mara kadhaa ya bei ya ile ya kawaida huishia kabatini.

Hasara hiyo si ya kibodi peke yake. Mteja anayejaziwa taarifa za kodi siku za mwisho za Juni hutegemea kwamba nambari yake ya siri ya kodi, yenye herufi na tarakimu 11, itaingia jinsi ilivyo. Kitufe kisichorudi juu upesi, au kinachotoa tarakimu mbili pale palipobonyezwa moja, humfanya mchapaji arudie kazi huku foleni ikirefuka mlangoni. Isitoshe, anayechapa kutwa nzima kwenye vitufe vinavyosuguana hutumia nguvu zaidi ya inayohitajika, na jioni vidole humweleza.

Yafaa kwanza kufahamu kinachokwaruza ni nini. Kibodi nyingi katika maduka haya si za kimakanika hata kidogo. Chini ya vitufe vyake mna utando wa plastiki na vikombe vidogo vya mpira. Kuzitofautisha ni rahisi. Kitufe kimoja kikivutwa juu taratibu hadi kikatoka, na chini yake kukaonekana kishina cha plastiki chenye ncha ya umbo la msalaba, mara nyingi cha rangi nyekundu, nyeusi, kahawia au samawati, basi hiyo ni ya kimakanika. Kukionekana mpira, hiyo ni ya utando, na dawa yake ni nyepesi: vitufe huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, mifereji yake hupanguswa kwa kitambaa kikavu, na shughuli huishia hapo.

Katika kibodi ya kimakanika, kila kitufe kina swichi yake. Muundo unaoigwa zaidi duniani ni wa MX, uliobuniwa na kampuni ya Cherry mwanzoni mwa miaka ya 1980. Swichi hiyo ina kasha la chini, kasha la juu, kishina kinachopanda na kushuka, springi, na vibamba viwili vya madini ambavyo vikigusana herufi huonekana kwenye skrini. Kishina husafiri milimita 4 kutoka juu hadi chini, na herufi huandikika kinapofika karibu milimita 2. Ile nyekundu huhitaji nguvu inayokaribia uzito wa gramu 45, na nyeusi gramu 60. Haki ya ubunifu huo ilipokwisha muda wake, viwanda vya Uchina kama Gateron, Kailh na Outemu viliingia sokoni na swichi za mtindo huo huo, na hizo ndizo zinazopatikana katika kibodi nyingi za bei nafuu zinazofika magharibi mwa Kenya.

Kishina huteleza ndani ya vijia viwili vilivyochongwa katika kasha. Hapo ndipo msuguano huzaliwa. Kalibu inayomwaga plastiki kiwandani ikichakaa, kuta za vijia hutoka na mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho, lakini kidole huihisi. Hii ndiyo sababu wapenzi wa kibodi huko Ulaya na Marekani hutafuta swichi nyeusi za zamani za Cherry, wakiamini kwamba zilitoka katika kalibu ambazo bado zilikuwa mpya na zikazidi kulainika kwa kutumiwa miaka mingi ofisini. Swichi nyingine hutoka kiwandani zikiwa kavu kabisa, bila hata tone la kilainishi. Mkwaruzo wa aina hii una alama yake: vitufe vyote huwa sawa tangu siku ya kwanza.

Lakini Kitale ina sababu nyingine. Mji huo uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, katikati ya mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia. Mvua zikikatika mwishoni mwa mwaka, kazi ya kuvuna na kupukuchua huwa imepamba moto. Mashine za kupukuchulia hutupa angani makapi laini, malori hupita yakitifua udongo mwekundu wa barabara za mashambani, na kuanzia Desemba hadi Februari unga huo wote hutua mezani. Bungoma, ambayo iko chini zaidi na ina joto zaidi, ina vumbi lake la kando ya barabara pamoja na masizi mepesi yanayopeperushwa pale mashamba ya miwa yanapochomwa. Maduka ya huduma za kompyuta, kwa kuwa hutegemea wapita njia, hufungua milango wazi kutwa nzima.

Makapi ni laini na hutoka kwa brashi. Udongo ni jambo jingine. Ndani yake mna chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko plastiki yoyote inayotumiwa kutengenezea swichi. Chembe moja ikinaswa kati ya kishina na kijia chake, kila mbonyezo huwa kama kipande cha msasa kinachopitishwa ukutani. Ikiachwa hapo miezi mingi huchimba mfereji, na mfereji huo hauna mafuta ya kuuziba. Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya kibodi iliyo kavu na kibodi iliyo chafu: ya kwanza inaweza kusubiri, ya pili inaliwa kila siku inayopita.

Mafuta ya kupikia yakitiwa juu ya vumbi hilo hulishika pale pale lilipo. Kadiri siku zinavyopita, hewa huyageuza kuwa utomvu wa kunata, kama ule unaoganda kwenye ukingo wa kikaango. Mafuta ya cherehani ni afadhali kidogo kwa kuwa hayagandi upesi, ila ni mepesi mno. Hutiririka hadi kwenye vibamba vya madini na kuvifunika. Yale ya mgando hulainika kwa joto na kuhama. Kipulizio cha kulegeza kutu kwa sehemu kubwa ni kiyeyushi: huondoa hata kile kilainishi kidogo kilichowekwa kiwandani, kisha huyeyuka na kuacha utando mwembamba unaokaribisha vumbi, na kinaweza kutia ukungu au nyufa katika baadhi ya plastiki zinazoangaza, ambazo ndizo hutumiwa kwa makasha ya juu ya kibodi zenye taa.

Mafundi wa taipureta waliyajua haya zamani. Enzi ambapo wachapaji walikaa na mashine zao nje ya mahakama na afisi za serikali katika miji mingi ya Kenya, kanuni ya fundi mzuri ilikuwa kusafisha kwanza na kulainisha kwa nadra, na kamwe kutotia mafuta katika ule mpinde wenye nyufa ambamo nyundo za herufi hupita. Mafuta hapo yalikusanya vumbi na uchafu wa kifutio, na nyundo zikaanza kukwama moja baada ya nyingine. Chuma cha taipureta, hata hivyo, kiliweza kuoshwa kwa petroli kikarudi katika hali yake. Plastiki haivumilii mateso hayo.

Uchunguzi basi ndio mwanzo. Kibodi ichomolewe kwenye kompyuta, kisha vitufe vinavyolalamikiwa vivuliwe vifuniko vyake na vishina vibonyezwe polepole kwa kucha. Mkwaruzo ukitoweka, kosa lilikuwa la kifuniko kinachogusa jirani yake. Ukisikika katika kitufe kirefu cha nafasi au cha Enter tu, mara nyingi ni ule waya wa kusawazisha ulio chini yake, ambao huhitaji grisi kidogo kwenye ncha zake mbili. Mlio wa "ting" wa madini hutoka kwenye springi na si mkwaruzo hasa. Vitufe vya upande mmoja vikiwa vibaya kuliko vingine, aghalabu ule unaoelekea mlangoni au dirishani, mshukiwa ni vumbi. Kitufe kimoja kinachonata na kupanda kivivu huwa kimemwagiwa chai au soda. Na kitufe kinachoandika herufi mara mbili kina ugonjwa wa vibamba vya madini, ambao hakuna kilainishi kinachoutibu; kukitia mafuta ni kuuongeza.

Kwa vumbi la juujuu, vifuniko vyote huvuliwa na kuoshwa, kibodi hugeuzwa kifudifudi na kupigwapigwa mgongoni, kisha brashi laini ya rangi hupitishwa kati ya swichi huku kila kishina kikibonyezwa mara kadhaa. Wapo wanaoipeleka kwa wajaza upepo wa magurudumu. Si jambo la busara: upepo wa kompresa hizo huja na unyevu pamoja na mafuta ya mashine yenyewe, na nguvu yake husukuma chembe ndani badala ya kuzitoa. Kipulizo cha mpira cha kubonyeza kwa mkono, kama wanachotumia wapiga picha kusafishia lenzi, kinatosha.

Ikiwa mkwaruzo haujaondoka, swichi lazima ifunguliwe. Hapa kuna mgawanyiko ambao mnunuzi hufaa kuujua kabla ya kutoa pesa. Kibodi nyingine zina soketi, na swichi huchomolewa kwa koleo dogo bila moto wowote. Nyingine zimelehemiwa: kibodi kamili yenye vitufe 104 ina viungo 208 vya risasi vya kuyeyusha, na fundi wa redio asiyezoea bodi nyembamba anaweza kung'oa njia ya shaba katika kiungo cha kumi. Kwa duka la mtaani, yenye soketi ndiyo inayofaa, hata kama ni ghali kidogo.

Kasha la juu hushikiliwa na vibanio vinne. Vikiinuliwa kwa kifunguzi maalumu au bisibisi mbili nyembamba, swichi hufunuka. Kishina na kasha la juu huoshwa kwa maji na sabuni na kuachwa vikauke kabisa. Kasha la chini lisiloweshwe majini, kwa kuwa lina vibamba. Hupanguswa kwa brashi iliyochovywa katika spiriti ya isopropili. Kishina kitazamwe mwangani: mbavu zake zikiwa na mifereji iliyochimbika, swichi hiyo imekwisha na kazi ya kuilainisha ni bure.

Kilainishi kinachopendelewa na mabingwa wa kazi hii ni grisi ya Krytox GPL 205, iliyotokana na mafuta ya florini, ambayo hayagandi na hayaili plastiki. Gramu 5 zatosha kibodi nzima. Hupakwa kwa brashi ndogo ya msanii, kiasi cha kuacha mng'ao tu: kwenye vijia vya kasha la chini, kwenye mbavu za kishina na kwenye ncha za springi. Ile miguu miwili ya kishina inayosukuma kibamba huachwa kavu katika swichi ya kahawia, la sivyo ule mgutuko wake hupotea. Swichi ya samawati, yenye mlio wa "klik", haifai kutiwa grisi kwenye kipande chake cha kulia. Grisi ikizidi, kishina hupanda kana kwamba kimezama katika asali. Anayeshughulika nayo anawe mikono na asivute sigara, maana grisi ya jinsi hii ikiungua hutoa moshi wenye sumu. Kwa sababu hiyo hiyo, kulehemu kufanyike mbali nayo.

Ambaye hana njia ya kuiagiza anaweza kutumia grisi ya silikoni iliyotengenezwa kwa ajili ya plastiki, ya aina inayopakwa kwenye meno ya gia za printa, mradi iwe kidogo mno na isikaribie vibamba. Ni nzito zaidi, na inakaa vyema zaidi kwenye waya za kusawazisha kuliko ndani ya swichi. Grisi ya gari isitumike.

Mtu akitumia dakika 2 kwa kila swichi, 104 zitamchukua karibu saa tatu na nusu, bila kuhesabu muda wa kukausha. Ndiyo maana si lazima zote zifanywe. Katika kazi ya kujaza fomu, vinavyochoka kwanza ni vitufe vya tarakimu, kitufe cha nafasi, Enter, cha kufutia, na irabu A, I na U ambazo Kiswahili huzitumia bila huruma. Mwenye kibodi ya soketi anaweza kuzihamisha swichi nzuri kutoka safu ya juu kabisa, ya F1 hadi F12, ambazo katika maduka mengi hazibonyezwi hata mara moja kwa siku, na kuzipeleka zilizochoka kukaa huko. Kisha jioni, kabla ya kufunga mlango, kibodi ifunikwe kwa kitambaa, hasa katika miezi ile ya kupukuchua.