Saa 24 kwa Shilingi 2,000: Kazi ya Kulea Mtoto Mwenye Maradhi Mazito Kianda, Kibera

Maandishi mengi kuhusu familia zinazolea watoto wenye maradhi mazito humtazama mama kwa jicho la saikolojia: amechoka kiasi gani, apewe ushauri nasaha wa aina gani. Uchovu upo, sibishi. Ila katika kijiji cha Kianda, upande wa magharibi wa mtaa wa Kibera jijini Nairobi, jicho hilo huona dalili likaacha chanzo. Ustawi wa familia hizi ni suala la kazi: nani anaifanya, kwa saa ngapi, na nani anailipa.

Tuchukue mlo mmoja. Mtoto wa miaka saba mwenye mtindio wa ubongo, asiyemeza vizuri, hulishwa akiwa ameketishwa wima, kichwa kimeegemea mkono wa mama, uji ukiwa mzito ili usimpalie. Kijiko, kusubiri, kumpangusa mdomo, kijiko tena. Saa nzima inaweza kuishia hapo, na nusu ya uji ikatemwa. Bado kuna dawa za kifafa, mazoezi ya viungo, na nepi za kufua kwa maji ya kununua mtungi kwa mtungi. Siku ya kliniki mtoto hubebwa mgongoni hadi barabarani, maana kiti cha magurudumu, hata kikipatikana, kitapitia wapi kwenye vichochoro vyenye mitaro? Na kibarua cha kufua nguo katika mtaa wa Kilimani humtaka mtu asubuhi na mapema. Asipofika, yupo mwingine mlangoni.

Serikali ya Kenya inalijua hili kuliko inavyokiri. Tangu 2011 inatoa ruzuku kwa watu wenye ulemavu mkubwa, siku hizi chini ya mpango wa Inua Jamii, kwa sharti kwamba mhusika awe anahitaji kuangaliwa saa 24. Malipo ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Hata fedha yote ingekuwa ujira, bila kutoa hata senti ya chakula, saa moja ya uangalizi ingepata chini ya shilingi 3. Hata hivyo, sharti lenyewe limeandikwa na mtu anayejua kwamba kuna mlezi asiyeweza kwenda kazini. Bima ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya mfuko wa zamani wa bima ya afya (NHIF) Oktoba 2024, ni ya matibabu. Siku ya kibarua iliyopotea kwenye foleni ya kliniki haimo.

Wapo watakaosema kulea ni wajibu wa ukoo, na mama hadai mshahara kwa mwanawe. Hoja hii si ya Kiafrika peke yake. Uingereza ilipoanzisha posho ya walezi mwaka 1976, iliwatenga wanawake walioolewa kwa dhana kwamba wangekuwa nyumbani hata hivyo. Ilibidi Jacqueline Drake, aliyeacha kazi kumuuguza mama yake, apeleke kesi yake hadi Mahakama ya Haki ya Ulaya ndipo ubaguzi huo ukaondolewa mwaka 1986. Dhana ileile ndiyo inayoifanya ruzuku yetu ionekane kama sadaka. Na huo ukoo, Kianda, uko wapi? Mara nyingi ni nyanya aliyeko ushago, au chama cha akina mama ambao nao wana vibarua vyao.

Ndiyo maana ningeanzia kwenye bebi kea, nyumba za kulelea watoto wazazi wakiwa kazini. Zile za mitaani humpa mlezi mmoja watoto wengi, na mtoto mwenye kifafa hukataliwa kwa hofu ambayo kwa kweli ina msingi. Kaunti ikimlipa mlezi wa pili, aliyefunzwa kulisha na kukabili degedege, hata kwa siku tatu za wiki, mama atapata siku tatu za kibarua. Gharama hiyo si mpya: leo inalipwa na mama, kwa ujira anaoukosa, na hakuna kitabu cha bajeti kinachoionyesha.